Daktari Aliyeishiwa Nguvu: Habari za Gahini

Iwe unasoma gazeti hili ukiwa Kigali, Kampala, Bujumbura, Bukoba au Nakuru, bila shaka unawajua wazee wanaotoa ushuhuda kwa namna moja: nilikuwa hivi, Bwana akanivunja, sasa natembea nuruni. Ushuhuda wa namna hiyo ulivukaje mipaka yetu? Tukifuata nyayo zake kurudi nyuma tunafika Gahini, mashariki mwa Rwanda, kwenye hospitali ya misheni ya Kianglikana karibu na Ziwa Muhazi.

Daktari Mwingereza, Joe Church, alifika huko mwaka 1928. Alikuwa msomi wa Cambridge, mwenye bidii na mipango mizuri. Basi njaa kuu ikaja, wagonjwa na wenye njaa wakawa wengi kuliko uwezo wake. Kufikia Septemba 1929 alikuwa amechoka mwili na roho, akaenda Kampala kupumzika. Hapo kilimani Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyefanya kazi katika idara ya afya ya serikali. Siku mbili walikaa na Biblia, wakifuatilia habari za Roho Mtakatifu na kuomba pamoja.

Hebu fikiria ilikuwa enzi gani hiyo! Mzungu, tena daktari, ameketi na Mwafrika kama mhitaji mwenzake. Kwa maoni yangu uamsho ulianzia pale, kabla hata mtu mmoja hajalia kanisani. Sisi Wapentekoste tunapenda kuupima uamsho kwa sauti yake, lakini huu ulianza na watu wawili chumbani ambao hawakuwa na cha kujivunia.

Hata hivyo Gahini haikubadilika mara moja. Wahudumu wa hospitali walikuwa na manung'uniko, na mkuu wao, Yosiya Kinuka, alikuwa mmoja wa walionung'unika. Mwaka 1931 alikwenda kwa Nsibambi akiwa na malalamiko yake kuhusu hospitali. Nsibambi hakumpa mbinu za uongozi. Alimwambia shida iko moyoni mwake mwenyewe. Jamani, nani kati yetu angefurahia jibu hilo baada ya safari ndefu hivyo? Lakini Kinuka, akiwa njiani kurudi, alijisalimisha kwa Bwana, na alipofika Gahini alianza kuungama na kutengeneza mambo na watu.

(Nisieleweke vibaya. Ndugu zetu wa Tanzania walifundishwa kujitegemea tangu Azimio la Arusha la 1967, na kulima shamba lako si dhambi. Yeremia 17 inasema habari nyingine: moyo unaoegemea nguvu za binadamu na kumwacha Bwana.)

Kutoka hapo moto ukasambaa. Mwaka 1937 timu ilifika Kabete, Kenya, na wimbo wa Kiganda wa Tukutendereza ukaimbwa na watu wasiojua Kiganda. Mtihani mkubwa ulikuja Kenya baada ya 1952, wakati wa Mau Mau. Wengi wa waliookoka walikataa kula kiapo, na wengi wakakataa pia bunduki za serikali. Upande huu waliitwa wasaliti, upande ule wakashukiwa. Hawakuwa na ulinzi wa jeshi lolote, na baadhi yao waliuawa. Hapo ndipo maneno "namtegemea Mungu" yalipogharimu.

Lakini lazima niseme na la uchungu. Rwanda hiyohiyo ya Gahini iliona mauaji ya kimbari mwaka 1994, na makanisa yakawa mahali pa kuchinjia watu. Wengine walikufa wakiwaficha majirani zao. Wengine, waliobatizwa na kuimba nyimbo zilezile, walishika panga. Babu yako kuvunjwa mbele za Bwana hakukuvunji wewe.

Sasa katika sherehe hizi tutasoma idadi ya matawi, viwanja na vyombo vya muziki, na ni halali kumshukuru Mungu kwa hayo yote. Nawauliza tu wazee wanaopanga ratiba: je, mmeacha nafasi ya mtu kusimama na kusema, kama Kinuka, kwamba shida ilikuwa moyoni mwake?