Wasiwasi wa Nafsi na Dawa Yake

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake.

Ndugu Waislamu,

Kabwe iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, chini ya nyanda za juu za Ufipa. Tumfikirie mvuvi wa huko anayeshuka ziwani alfajiri kutia udhu. Ameosha uso mara tatu, na bado anajiuliza kama maji yalienea. Anarudia, kisha anarudia tena, hata wenzake wanatoa salamu naye angali majini. Ziwa lile ni la pili duniani kwa kina, na bado halimtoshi. Basi upungufu wake si wa maji. Tumfikirie pia mwanafunzi ambaye neno la kufuru humpitia moyoni katikati ya sala. Hamwambii mtu, kwa kudhani kwamba amekwisha toka katika dini.

Jambo hili si geni. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba baadhi ya masahaba walimwendea Mtume (S.A.W.) wakalalamika kuwa nafsini mwao hupita mambo mazito mno kutamkwa. Hakuwakaripia; aliwajulisha kuwa kule kuchukizwa kwao ni imani iliyo wazi. Alifundisha pia kwamba umma huu umesamehewa yanayopita nafsini maadamu hayakusemwa wala kutendwa.

Wanavyuoni wakalifuatia jambo hilo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 wa Hijra, yaani 934 Miladia, aliandika kitabu juu ya siha ya mwili na ya nafsi pamoja. Maradhi ya nafsi aliyagawa manne: hasira, huzuni, khofu na wasiwasi. Mwenye wasiwasi alimwasa asijitenge peke yake, bali achanganyike na watu, ajishughulishe, na aikabili fikira mbaya kwa fikira iliyo sawa. Kisha Ibn Qudama, aliyefariki Damascus mwaka 620 wa Hijra (1223), aliandika risala ya kuwaonya wanaorudiarudia nia na udhu wakidhani kuwa huo ndio uchaji.

Katika zama zetu wataalamu wa nafsi wamefika karibu na hapo kwa njia nyingine. Mwaka 1978 Rachman na de Silva walionyesha kuwa fikira mbaya zisizotakiwa huwapitia hata watu wazima wa afya, na aghalabu zinafanana na za wagonjwa. Adrian Wells wa Manchester na wenzake wakachunguza imani aliyo nayo mtu juu ya fikira zake mwenyewe. Mwaka 1997 walitoa hojaji ya maswali 65, na mwaka 2004 wakaifupisha kuwa 30. Yapo ya namna hii: je, waamini kuwa kuhangaika kwako kunakukinga na balaa? Je, ni lazima uzitawale fikira zako zote? Anayeamini hivyo huipigania kila fikira, na kadiri anavyoipigania ndivyo inavyomrudia. Naye anayeona kuwaza ni sawa na kutenda hujihukumu kwa kosa asilolifanya.

Ndugu zetu, tofauti hapa ni kubwa. Fikira ni mpita njia. Aliyekaribishwa na kubishiwa ndiye anayekaa. Kanuni ya fikihi yasema yakini haiondolewi na shaka. Basi mvuvi wetu akishaosha mara tatu, na atoke majini, ingawa moyo unanung'unika. Akivumilia, manung'uniko hupungua.

Wazazi na walimu, kijana akiwafunulia fikira yake, msimwite kafiri wala msikimbilie kusema ana pepo. Msikilizeni kama Mtume alivyowasikiliza masahaba. Na wasiwasi ukimzuia mtu kazi, masomo au usingizi, mpelekeni hospitali. Maradhi haya yana matibabu, na kutafuta tiba ni katika mafunzo ya Mtume wetu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azitulize nyoyo zetu na awaponye wagonjwa wetu. Amin.