Umehama Makongeni, kura yako je? Sheria na uongo mbele ya karani wa usajili

Ami yangu ameifanyia kazi reli tangu ujana wake, na alipostaafu hakurudi Pwani. Alibaki Makongeni, kando ya Jogoo Road, katika zile nyumba za wafanyakazi wa reli alimolelea wanawe wote. Sisi jamaa zake wa Mombasa tulikuwa tukimtania kwamba ameiacha Makongeni yetu ya Gasi, penye mikoko na upepo wa bahari, akaenda kukaa Makongeni ya moshi wa viwanda. Naye hutujibu kwamba mkonge ni mkonge tu, popote uotapo.

Mwishoni mwa 2025 nyumba zile zilianza kubomolewa kupisha mradi wa serikali wa nyumba za bei nafuu. Ikasemwa kila kaya ipewe shilingi 150,000 za kuhamia. Ami akafunga virago akaenda kupanga Kayole. Hajamaliza hata mwezi, akanipigia simu usiku baada ya isha. Kuna kijana amepita kwa wapangaji wapya na daftari la shule mkononi, anaandika majina ya watu wa "kuhamisha kura" waje wadi ile. Anataka nambari ya kitambulisho, anakipiga picha kwa simu, na anaahidi nauli na kitu kidogo siku ya kwenda kwa karani. Sharti ni moja: wakiulizwa, waseme wamekaa hapo zaidi ya mwaka. Na kama wana watoto walio mbali, nao waje waseme vivyo hivyo.

Ami akaniuliza mambo matatu kwa pumzi moja. Nisipohamisha, nikarudi kupigia kura Makongeni na sikai tena kule, nitashikwa? Nikisema nimekaa hapa mwaka, ni kosa? Na huyu kijana je, maana yeye haweki kidole popote?

Nimeyaleta maswali yake hapa kwa sababu najua si yake peke yake. Watu wetu wa Pwani walioko Eastlands ni wengi, na waliohamishwa mwaka huo si wa Makongeni tu.

Tuanze na lile la kwanza, maana ndilo lililomnyima usingizi, na ndilo jepesi kuliko yote. Hapana, hatashikwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 83, inataka mambo matatu kwa anayetaka kuwa mpiga kura: awe raia mtu mzima, awe na akili timamu, na asiwe amepatikana na hatia ya kosa la uchaguzi katika miaka mitano iliyotangulia. Basi. Haikutaja nyumba wala risiti ya kodi. Sheria ya Uchaguzi nayo inasema raia aliyetimiza miaka 18, mwenye kitambulisho au pasipoti, na ambaye jina lake halimo katika sajili, asajiliwe akiomba. Aliyesajiliwa Makongeni, wadi iliyo katika eneo bunge la Makadara, anabaki mpiga kura wa huko hadi ahamishe mwenyewe. Tingatinga hubomoa nyumba, jina katika sajili haliligusi.

Wenzetu wa ng'ambo ya pili hawana raha hiyo. Zanzibar, kwa miaka mingi, sheria ilidai mtu awe amekaa katika jimbo miezi 36 mfululizo ndipo aandikishwe, na neno la sheha likawa na uzito mkubwa katika kuthibitisha nani mkazi na nani si mkazi. Mwenye jamaa Unguja au Pemba anajua ugomvi uliozuka hapo. Huku kwetu mlango ni mpana zaidi, na kifungu hicho cha 83 kinaongeza kwamba taratibu za usajili ziwekwe kwa namna ya kumrahisishia raia, si kumnyima.

Lakini kifungu hichohicho kina neno jingine ambalo wengi hulipita: raia asajiliwe katika kituo kimoja tu. Hapo ndipo palipo na shimo, na waliohama ndio wanaotumbukia.

Mwaka 2012 nilifanya kibarua cha ukarani wa usajili huku Mombasa, ule usajili wa kwanza wa alama za vidole, kuanzia Novemba 19 hadi Desemba 18. Swali nililoliuliza mara nyingi kuliko jina la mtu ni hili: umeshasajiliwa mahali pengine? Jibu lilikuwa "hapana" hata kabla sijamaliza kuuliza. Wengine walisema kweli. Wengine, ukiwatazama machoni, unajua wameshapita kituo kingine wiki iliyopita, ila waliona foleni hii ni fupi, au mashine ile ilikuwa na hitilafu wakadhani hawakuingia. Hawakuwa na nia ya kuiba kura. Walitaka tu uhakika. Ila mdomo wao ulikuwa umeshatoa taarifa ya uongo kwa mtumishi wa umma.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Makosa ya Uchaguzi, nambari 37 ya 2016. Kifungu cha 3 ndicho kinachoilinda sajili ya wapiga kura. Kinamgusa mtu anayetoa taarifa ya uongo kwa kujua ili asajiliwe, na sheria hiyohiyo inamgusa anayejisajili zaidi ya mara moja. Adhabu ni faini au kifungo, au vyote viwili. Kando yake ipo Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 129, ambacho hakihusu uchaguzi peke yake: ukimpa mtumishi wa umma habari unayoijua kuwa si kweli, kwa nia ya kumfanya atende asilopaswa kutenda kama angejua ukweli, unaweza kufungwa hadi miaka mitatu.

Shika hayo maneno mawili, "kwa kujua". Ndiyo roho ya kosa lenyewe. Bibi aliyezaliwa "mwaka wa njaa" na kitambulisho chake kina tarehe ya kukisia hajasema uongo, amesoma kilichoandikwa. Karani akikosea herufi ya jina lako, kosa si lako. Ukidhani umeshatimiza kitu kumbe hujatimiza, mwendesha mashtaka ana kazi ya kuthibitisha kwamba ulijua. Lakini ukifundishwa cha kusema, ukakikariri njiani, na ukapewa nauli kwa ajili yake, utamwambia nini hakimu? Kwa hiyo swali la pili la ami lina jibu: ndiyo, kusema amekaa Kayole mwaka hali amekaa wiki tatu, na kutia saini chini ya maelezo hayo, ni kujitia katika kosa.

Na la kusikitisha, hakuwa na haja ya kusema hivyo. Anayehama kihalali anakwenda mwenyewe na kitambulisho chake na vidole vyake, anaomba kuhamishwa, anasema kweli kuhusu alikotoka. Sheria inataka ombi hilo lije siku zisizopungua 90 kabla ya uchaguzi. Uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027, kwa hiyo nafasi ipo, ila isiachwe hadi dakika ya mwisho kama kawaida yetu.

Kwa nini serikali inalishikilia jambo hili kwa ukali? Historia yetu si nzuri. Tume ya Jaji Kriegler, iliyochunguza uchaguzi wa 2007, ilikuta sajili ikiwa na watu wapatao milioni 1.2 waliokwisha kufa. Mwaka 2022, sajili ilipokuwa na wapiga kura 22,120,458, wakaguzi wa KPMG walitaja rekodi 481,711 zilizojirudia na marehemu 246,465. Mimi sidhani kila rekodi iliyojirudia ni mwizi. Nimekaa nyuma ya ile meza. Naamini nyingi ni za watu kama wapangaji wapya wa Kayole: walihama, hawakujua kuna kuhamisha, wakajisajili upya na kusema "sijawahi". Hata hivyo, rekodi kama hizo ndizo anazozitegemea mwenye hila, kwa sababu jina lisilo na mtu nyuma yake ni debe lililo wazi.

Tuje kwa kijana wa daftari. Watu husema dalali hashikiki kwa kuwa hasemi neno mbele ya karani. Si kweli. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 20, inamhesabu anayesaidia, anayeshawishi au anayemtuma mtu kutenda kosa kuwa ni mtenda kosa mwenyewe. Na kile kitu kidogo kikija na sharti la kumpigia fulani, hapo hongo ya wapiga kura imeingia, nayo ni kosa jingine ndani ya ile sheria ya 2016. Zile picha za vitambulisho ndizo zinazonitisha zaidi. Mwezi Juni 2021 Wakenya wengi walipochungulia orodha za vyama mtandaoni walijikuta wameandikishwa uanachama wa vyama wasivyovijua. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na haimruhusu mtu kukusanya nambari zako ukumbini pa nyumba kwa maelezo ya uongo. Tatizo ni kwamba dalali ana simu, ana tajiri wake, na siku ya mambo kuharibika hana anwani. Aliyeweka kidole ana anwani. Hilo nalisema kama mtu aliyeona, si kama mwanasheria.

Na ukipatikana na hatia, rudi kwenye kifungu cha 83 uone: kosa la uchaguzi linakuondolea sifa ya kuwa mpiga kura kwa miaka mitano. Yaani uongo uliosema ili upige kura 2027 unaweza kukutoa kabisa hadi baada ya uchaguzi unaofuata, kutegemea tarehe ya hukumu.

Kuna kundi jingine la watu wetu nisiloweza kulipita. Wamakonde wa Kwale waliandamana kwa miguu kwenda Nairobi mwaka 2016 ndipo wakakubaliwa kuwa raia, na Wapemba wa Kenya walitambuliwa 2023. Kabla ya hapo, wapo walioazima jina la baba wa jirani ili wapate kitambulisho na waweze kuvua au kusafiri. Leo wana haki yao kwa majina yao, lakini wengine bado wana kipande cha jina la kuazima, na wamekipigia kura. Hao wasikimbilie kusajiliwa upya kwa jina jipya. Watakuwa na rekodi mbili. Watengeneze kwanza kitambulisho, wakiwa na wakili au mashirika ya msaada wa kisheria, kisha sajili ifuate.

Nilipomaliza kumweleza ami haya yote, akanyamaza kidogo. Nikajua kuna jambo. Mwanawe wa pili, aliyesajiliwa Makongeni 2017, alijisajili tena Changamwe kabla ya uchaguzi wa 2022 baada ya kupata kazi bandarini. Alimwambia karani hajawahi kusajiliwa. Hakupiga kura mara mbili, alipigia Changamwe tu. Alidhani ile ya Nairobi imekufa yenyewe kwa kuwa amehama.

Sikuwa na jibu tamu la kumpa. Nilimwambia kijana asirudi kwa karani kusema "sijawahi" mara ya tatu, wala asijaribu kuhamisha moja ya hizo rekodi kimyakimya. Amwone wakili kwanza, hata wa msaada wa bure, kisha aende naye katika ofisi ya IEBC ya eneo bunge aombe rekodi irekebishwe. Anayejitokeza mwenyewe akieleza kosa lake hasimami mahali pamoja na anayevutwa kutoka kwenye orodha ya wakaguzi, ijapokuwa sheria haimwahidi msamaha.

Ami mwenyewe hatahamisha. Anasema siku hiyo atapanda matatu kutoka Kayole alfajiri hadi Makongeni, awepo foleni kabla ya wenye nyumba mpya hawajaamka. Yule kijana wa daftari alipita tena Ijumaa kuulizia, akaambiwa mzee yuko msikitini. Mwanawe wa Changamwe amepata miadi na wakili wiki ijayo, na ameniomba nifuatane naye.