Jaa, Pipa na Dampo: Historia ya Uzoaji wa Taka Dar es Salaam

Jaa ni jina la zamani la mahali pa kutupia taka katika miji ya pwani. Lilikaa nyuma ya nyumba au pembezoni mwa mtaa, na kila nyumba ilijua lake. Yaliyofika huko yalikuwa majivu ya jikoni, maganda ya muhogo, vifuu vya nazi, miiba ya samaki na vyungu vilivyovunjika. Kilichoweza kuliwa kiliishia kwa kuku na mbuzi, kilichoweza kuungua kilikusanywa biwi kikachomwa, na kilichobaki kilifukiwa na mchanga. Majaa ya aina hiyo ndiyo yaliyowapa wanaakiolojia sehemu kubwa ya habari za Kilwa na Shanga, kwa kuwa kigae cha bakuli la China hakiozi hata kikilala ardhini miaka mia saba. Kazi ya uzoaji haikuwepo kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuzoa kilichozidi uwezo wa ua.

Dar es Salaam, mji ulioanzishwa na Sultan Majid bin Said wa Zanzibar katika miaka ya 1860, ulianza na desturi hiyohiyo. Mabadiliko yalikuja Wajerumani walipohamishia hapo makao makuu ya koloni lao mwaka 1891. Madaktari wa serikali waliogopa malaria na tauni, na hofu hiyo ikatumika kuhalalisha kutenga makazi kwa rangi za watu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Waingereza, waliotwaa mji wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, waliendeleza mgawanyo huo kwa kanda tatu za ujenzi, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kuwatenganisha wakazi wa Uhindini na wale wa Kariakoo, upande wa Uswahilini.

Huduma ya taka ilifuata ramani hiyo. Kadiri nyumba ilivyokuwa karibu na Uzunguni, ndivyo pipa lake lilivyokuwa na uhakika wa kumwagwa. Neno pipa lenyewe ni la zamani pwani, urithi kutoka kwa Wareno, ila sasa lilipewa kazi mpya ya kusubiri taka mlangoni. Uswahilini serikali ilionekana kwa sura nyingine, ya bwana afya. Yeye hakuja kuchukua taka. Alikuja kuzikagua: aliingia uani, akapindua makopo na vifuu vilivyotuamisha maji ya mvua, na palipokuwa na viluwiluwi vya mbu mwenye nyumba alikuwa na kesi ya kujibu. Hivyo kwa miongo kadhaa mkazi wa Kariakoo au Ilala alijifunza usafi kama jambo la kutozwa faini kabla hajaujua kama huduma.

Dar es Salaam ilipata hadhi ya manispaa mwaka 1949 na ya jiji mwaka 1961. Sensa ya 1967 ilihesabu watu wapatao 273,000. Ile ya 1978 ikakuta takriban 843,000. Wengi wa waliohamia walijenga Manzese, Buguruni, Keko na maeneo mengine ambayo hayakupimwa, nyumba zikikaribiana kiasi cha kuacha vichochoro tu. Hapo ndipo ulipo mzizi wa tatizo lote lililofuata, kwani gari la taka huenda barabara inapokwenda. Nyumba isiyofikiwa na lori haikuwa na huduma, hata kama jina lake lilikuwa kwenye orodha ya jiji. Wakazi walichimba shimo uani, wakachoma na kufukia, wakachimba jingine. Mbinu hiyo ilifaa hadi mwenye nyumba alipoongeza vyumba vya wapangaji na ua ukaisha.

Utawala nao uliyumba. Mwaka 1972, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, mamlaka za miji zilivunjwa na kazi zao kukabidhiwa mikoa na wilaya. Kipindupindu kilipozuka mwaka 1977 na kuendelea mwaka uliofuata, ilionekana wazi kwamba mji usio na wa kuusimamia haufagiliki, na sheria ya 1978 ikazirudisha halmashauri. Zilirudi, lakini katika wakati mbaya: miaka ya 1980 ilikuwa ya uhaba wa mafuta na vipuri, na malori yalilala karakana yakisubiri tairi.

Taka chache zilizozolewa zilihitaji pa kwenda, na hapo palikuwa na ugomvi mwingine. Dampo la jiji lilikuwa Tabata, eneo ambalo makazi yalikuwa yamelizunguka. Wakazi, waliochoshwa na moshi, harufu na nzi, walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 1988 jiji likaamriwa kuacha kumwaga taka hapo. Jiji lilipoomba kuongezewa muda, Jaji Lugakingira alikataa, akiegemea ibara ya 14 ya Katiba, inayohusu haki ya kuishi. Uamuzi huo bado unafundishwa katika vyuo vya sheria. Jiji lilihamishia taka Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko nao wakashtaki, wakashinda mwaka 1991. Baadaye dampo lilikwenda Vingunguti, kando ya bonde la Msimbazi, kisha Mtoni, na mwishowe Pugu Kinyamwezi, umbali wa kilomita 30 hivi kutoka katikati ya jiji. Kila lilipohama, safari ya lori ilibadilika, na pamoja nayo gharama ya kila tani.

Kufikia mwaka 1992 jiji lilikadiriwa kuzalisha tani 1,400 za taka kwa siku, na zilizozolewa hazikufika asilimia 5. Mwaka huo ulianza Mradi wa Dar es Salaam Endelevu, uliosaidiwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa, kwa kampeni ya dharura ya kuondoa milundo iliyofunga barabara na masoko. Mwaka 1994 kata za katikati ya jiji zilikabidhiwa kampuni binafsi, ambayo ilitakiwa kuishi kwa ada itakazokusanya kwa wateja. Watu waliozoea kwamba taka ni kazi ya serikali hawakuona sababu ya kulipa. Halmashauri ya Jiji ilivunjwa mwaka 1996, nafasi yake ikachukuliwa na Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, na ni katika kipindi hicho, kufikia mwaka 1999, ambapo uzoaji ulipanuliwa hadi kata za pembeni kwa kugawa maeneo kwa makandarasi zaidi ya 50.

Wengi wao hawakuwa kampuni kubwa. Vilikuwa vikundi vya mtaani, vingine vya wanawake, kama kile cha Hananasif huko Kinondoni, vyenye koleo, reki, buti na mkokoteni. Kikundi kiliruhusiwa kuhudumia mtaa fulani na kudai ada nyumba kwa nyumba. Halmashauri ilibaki na dampo na sheria ndogo. Nguvu ya mpango huo ilikuwa mkokoteni, unaopita kichochoro ambacho lori halikioni. Unyonge wake ulikuwa ada. Mdai aliambiwa arudi kesho, kesho akakuta mlango umefungwa, na asiyelipa alitoa kiroba chake usiku akakiacha kwenye mtaro wa jirani. Mvua ilipokuja, mtaro ulifanya kazi ya gari la taka bila kumdai mtu.

Mwaka 2000 Tume iliondoka, zikaanzishwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke, na baadaye zikaongezwa Ubungo na Kigamboni. Muundo wa kandarasi ulidumu. Kipindupindu kilirudi mwaka 2015, na Rais Magufuli akaamua kwamba sikukuu ya Uhuru ya Desemba 9 isiwe na gwaride bali usafi. Jumamosi ya mwisho ya mwezi nayo ikapangwa kuwa siku ya usafi nchini. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku kuanzia Juni 1, 2019, na kikapu kikarudi sokoni. Chupa za plastiki hazikuguswa, na zikaongeza kazi ya waokotaji, ambao huzitoa kwenye viroba kabla ya mkokoteni kufika na kuziuza kwa kilo, pamoja na vyuma chakavu.

Sehemu kubwa ya kinachobaki bado ni yaleyale ya jaa la zamani: maganda, majani na mabaki ya chakula. Kinondoni imejengewa kiwanda cha kuyageuza mboji huko Mabwepande, kwa ushirikiano na jiji la Hamburg. Mengine humwagwa kwenye kituo cha kukusanyia cha kata, hupakiwa kwenye lori kwa koleo, na kuanza safari ya kwenda Pugu.