Ningu na uhamaji wa maji baridi

Potamodromia ni istilahi aliyoibuni George S. Myers mwaka 1949 kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, mto na kukimbia. Inawahusu samaki wanaohama kwa msimu baina ya mahali pa kula na pa kuzaliana bila kugusa maji chumvi. Ukifuata mzizi wake utapata "uhamaji wa mtoni". Mimi nachagua "uhamaji wa maji baridi", na sababu yangu ni ningu.

Ningu, Labeo victorianus, ni wa bonde la Ziwa Victoria tu. Mdomo wake umekaa chini ya kichwa, mnene, wa kukwangulia mwani na masalia kwenye mawe. Mvua zikiijaza Kagera, Mara, Nzoia au Sondu-Miriu, waliopevuka hukusanyika pale mto unapoingia ziwani, kisha hupanda. Hawatagi kwenye mkondo wenyewe. Huchepuka hadi kwenye nyasi zilizofunikwa na mafuriko, na vifaranga hurudi mtoni maji yanapopungua. Yakipungua mapema mno, mayai hukaukia nyasini. Safari hiyo ina ziwa, mto na uwanda wa mafuriko. Ukisema "wa mtoni" umeliacha ziwa nje.

Kosa la upande wa pili ni kumfananisha na samoni. P.J.P. Whitehead, aliyewachunguza samaki hawa, mwaka 1959 aliwaita wa anadromia, yaani wanaotoka baharini kutaga mtoni. Lakini samoni akiingia mtoni, figo na matamvua yake hugeuza kazi: baharini yalikuwa yakitoa chumvi, sasa yanainasa. Ningu hana kazi hiyo. Mkunga wa Tana na Pangani naye ni wa katadromia: hukulia mtoni, akaenda kutaga Bahari ya Hindi.

Siku hizi kila samaki aliyeadimika Victoria husemwa kaliwa na sangara. Kwa ningu, sivyo hasa. Sangara alitapakaa miaka ya 1980, ilhali uvuvi wa ningu, uliokuwa mkubwa, ulikuwa umeshaporomoka kufikia miaka ya 1960. Nyavu za makila zilitegwa kwenye midomo ya mito, msimu uleule wa kupanda, zikawanasa majike wakiwa na mayai tumboni. Uganda wamefaulu kuwazalisha bwawani, ila kwa sindano ya homoni: pasipo mafuriko, jike hayaachii mayai.