Mwachano wa taswira na mwinamo wa uso

Taswira inayopokelewa na jicho la kulia hailingani kabisa na ya kushoto. Tofauti hiyo mimi naiita mwachano wa taswira. "Tofauti ya macho mawili" haifai, kwani msikilizaji atadhani jicho moja lina kasoro, ilhali yote ni mazima. Yametengana tu kwa sentimita sita hivi. Mwaka 1838 Charles Wheatstone alionyesha kwamba mwachano peke yake unatosha kuleta kina: kila jicho alilipa mchoro wake bapa, na umbo likajitokeza.

Mwachano huleta pia mwinamo, yaani jinsi uso wa kitu ulivyoinama. Shika daftari mbele ya macho, kisha sukuma ukingo wake wa kulia uende mbali kidogo. Jicho la kushoto sasa linaliona jembamba kuliko la kulia. Mwachano umebadilika hatua kwa hatua toka ukingo hadi ukingo, na ubongo husoma kasi ya badiliko hilo. Ila kasi ileile ikitoka mbali humaanisha mwinamo mkali zaidi. Bila kujua umbali, ubongo hupotea.

Hapa nisingetumia neno mteremko. Mteremko wa kilima cha Karagwe hupimwa dhidi ya usawa wa ardhi, mwinamo dhidi ya mstari wa macho. Shamba la migomba la ng'ambo lina mteremko mmoja, ulitazame ukiwa bondeni au kwenye kilele cha pili. Mwinamo wake hubadilika kila unapohama. Na kwa kilomita moja, zile sentimita sita hazisaidii tena. Ubongo hutegemea vivuli, na jinsi migomba inavyozidi kuonekana midogo na kubanana.

Kwa umbali kama huo, wachora ramani walitanua nafasi kati ya macho. Idara ya Upimaji wa Makoloni ya Uingereza, iliyoanzishwa 1946, ilichora ramani za Tanganyika kwa picha za anga, ambazo kwa kawaida hupandana kwa takriban asilimia 60. Picha ya sentimita 23 kwa skeli ya 1:40,000 hufunika kilomita 9.2, kati ya picha moja na inayofuata ndege imesogea kama kilomita 3.7, na huo ndio umbali kati ya "macho". Chini ya stirioskopu, chombo kinacholipa kila jicho picha yake, vilima huinuka, vikali kupita vilivyo. Mjiolojia anayepima kwa njia hiyo mteremko wa matabaka ya miamba ya ukanda wa Karagwe-Ankole, wenye bati ya Kyerwa, sharti apunguze kipimo chake kabla ya kukiandika.