Picha Zilizorudi Mtaani

Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969, mwendo wa saa saba mchana, Tom Mboya, waziri katika serikali ya Kenya, alikuwa akitoka katika duka la dawa la Chhani, Government Road, Nairobi, alipopigwa risasi. Mohamed Amin, wakati huo mpigapicha kijana wa miaka 25, hakukawia kufika. Aliziwahi dakika za mwisho za waziri huyo, daktari akiwa amemwinamia akihangaika kumrudishia pumzi. Picha hizo zilipanda ndege na kuizunguka dunia. Nairobi kwenyewe televisheni ilikuwa imeingia mwaka 1962 tu, na nyumba zilizokuwa nayo zilikuwa za kuhesabika. Wengi wa waliomlilia Mboya barabarani walisikia habari kwa redio, wakaiona sura ya msiba wao baadaye, katika karatasi ya gazeti, ikiwa imekwisha kuonwa na watu wa mbali.

Ndivyo kazi ya picha za habari ilivyokuwa imejengwa: picha inapigwa hapa, inauzwa kule.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Upigaji picha katika mwambao wa Afrika Mashariki ulianza kwa mlango wa studio, na picha ya studio ilikuwa na mwenyewe. A. C. Gomes, Mgoa aliyefungua studio Unguja katika karne ya 19, aliuza kadi na picha za mji kwa wageni, lakini wenyeji nao walikwenda kwake na baadaye kwa wenzake wakiwa wamevaa vizuri, wakalipa, wakarudi nyumbani na sura zao. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930 katika Mji Mkongwe. N. V. Parekh alifungua yake Mombasa mwaka 1942. Lamu alikuwako Omar Said Bakor, fundi asiye na mfano wa kukata na kuunganisha picha, aliyeweza kumtia mtu ndani ya ua au ndani ya redio. Popote walipokuwa, picha waliyoipiga iliishia ukutani kwa mteja, au ndani ya albamu ile ambayo mgeni wa Kiswahili hupewa akiwa anasubiri chai, aitazame ukoo mzima kabla hajaulizwa habari za kwao.

Mpigapicha wa habari alikuja na utaratibu mwingine. Aliyemo ndani ya picha hakulipa, kwa hiyo hakupewa. Na mara nyingi mpigaji mwenyewe hakuwa mwajiriwa wa mtu: alikuwa wa kujitegemea, analipwa kwa picha iliyochapishwa, filamu na nauli juu yake, na harusi za Jumamosi ndizo zinazomlipia kodi ya nyumba. Mtu wa namna hiyo hana budi kumfikiria mnunuzi. Mnunuzi alikuwa London, New York au Johannesburg.

Priya Ramrakha alizaliwa Nairobi mwaka 1935, katika ukoo uliokuwa na wino damuni. Mjomba wake, Girdhari Lal Vidyarthi, ndiye aliyeanzisha Colonial Times, gazeti lililowakera wakoloni kiasi cha kumfunga kwa uchochezi. Kiwanda hichohicho cha chapa kilitoa magazeti ya Kiswahili, Habari za Dunia na baadaye Jicho. Ni jambo la kukumbukwa, kwa sababu historia ya magazeti ya Kiswahili nchini Kenya husimuliwa mara nyingi kana kwamba mitambo yake ilijiendesha yenyewe. Ramrakha alianza kupiga picha hapo nyumbani, akiwa kijana, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni. Aliipiga Nairobi ya misako na vizuizi, Nairobi iliyogawanywa kwa rangi ya ngozi, na aliipiga kama mtu anayeishi ndani ya mgawanyo huo. Kwa mpigapicha Mzungu aliyeshuka kwenye ndege, kipande cha kitambulisho mkononi mwa Mwafrika kilikuwa kioja cha kupiga na kuondoka. Kwa kijana wa Kihindi wa Nairobi, ambaye naye kulikuwa na mahoteli asiyoruhusiwa kukaa na mitaa asiyoruhusiwa kununua nyumba, kilikuwa habari ya jirani.

Akaenda kusoma upigaji picha Los Angeles, akarudi Kenya ilipokuwa inapata uhuru, akawa miongoni mwa wapigapicha wa kwanza kutoka Afrika kupewa kazi na majarida ya Time na Life. Kazi hiyo ilimtoa mtaani na kumtupa katika kila moto uliowaka: Mapinduzi ya Zanzibar mwaka 1964, Kongo, Aden, kisha Biafra. Huko Biafra, tarehe 2 Oktoba 1968, akiwa pamoja na askari wa serikali ya Nigeria karibu na Owerri, alipigwa risasi katika shambulio la kuvizia. Alikuwa na miaka 33.

Baada ya hapo jina lake likazama. Walioyasoma majarida waliijua picha, hawakumjua mpigaji. Negativu na picha zake zilikaa kwa miongo kadhaa katika gereji ya nyumba moja Nairobi, mpaka ndugu yake wa ukoo, mtengenezaji filamu Shravan Vidyarthi, alipozifikia na kuanza kuzifungua moja moja. Ikatoka filamu ya kumbukumbu, na mwaka 2018 kikatoka kitabu, alichokiandaa pamoja na mtafiti Erin Haney, kikachapishwa Ujerumani. Mafundi wa studio husema filamu iliyokwisha kupigwa lazima “isafishwe” ndipo sura zitokee. Za Ramrakha zilisafishwa mapema. Kilichochelewa ni jicho la kuzitazama.

Mohamed Amin yeye hakuzama, wala hakukubali kuzamishwa. Alizaliwa Eastleigh mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, ambako baba yake alihamia kikazi, na huko akaanza na kamera ya sanduku, Box Brownie ya mkono wa pili, angali mwanafunzi. Mwaka 1963 alifungua duka lake hapohapo Dar es Salaam, akaliita Camerapix. Lilikuwa duka dogo la kijana wa kujitegemea, ila liko mahali pazuri kwa mtu wa habari: mwaka uliofuata, hata haijatimia siku nyingi, ng'ambo ya maji kulikuwa na mapinduzi. Zanzibar ilimpa jina na ikampa jela pia, kwani mwaka 1966 alikamatwa huko na kuwekwa ndani karibu mwezi mmoja. Baadaye akahamia Nairobi na duka lake.

Yaliyobaki yanajulikana na wengi. Oktoba 1984 aliingia Korem, Ethiopia, pamoja na mtangazaji wa BBC Michael Buerk, na picha zao za njaa ziliporushwa tarehe 23 mwezi huo zilichukuliwa na mamia ya vituo duniani. Kutoka hapo ikaja misaada, zikaja nyimbo za wanamuziki wa Uingereza na Marekani, likaja tamasha la Live Aid Julai 1985. Mwaka 1991, ghala la silaha lilipolipuka Addis Ababa, alipoteza mkono wa kushoto. Akawekewa wa bandia, akarudi kazini. Tarehe 23 Novemba 1996 alikuwa abiria katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Ngazija. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa, na Amin akiwa mmoja wao.

Lakini kuna Amin mwingine ambaye hasemwi sana, mpigapicha wa Afrika Mashariki iliyo shwari: mashindano ya magari ya Safari Rally, watu wa Ziwa Turkana, mahujaji wa Makka, reli, sherehe za uhuru. Picha hizo ni nyingi kuliko za njaa. Ulimwengu uliomnunua ulitaka za njaa. Maelfu ya picha kutoka hazina ya Camerapix sasa zimewekwa kwenye intaneti, na mtu wa Dar es Salaam anaweza kuutazama mji wa babu yake kwa simu. Ni zaidi ya nusu karne tangu nyingine zipigwe.

Nairobi iliendelea kuwa kituo cha kusafirishia majonzi ya wengine. Tarehe 12 Julai 1993, Mogadishu, umati uliojaa hasira baada ya helikopta za Marekani kushambulia nyumba moja uliwaua wanahabari wanne waliokuwa wamefika kupiga picha za walioumia. Watatu kati yao, Hos Maina, Anthony Macharia na Dan Eldon aliyekuwa na miaka 22, walikuwa watu wa Nairobi. Watu wa pale waliwaita wanahabari hao waje waone, na muda mfupi baadaye hawakuona tofauti kati ya aliyeshika kamera na aliyeshika bunduki. Yawezekana hasira ile ilikuwa na chanzo kimoja tu, mabomu. Yawezekana pia watu huchoka kupigwa picha zisizorudi.

Mathare, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, walijaribu kinyume chake. Mwaka 1997, kupitia chama cha vijana cha michezo, MYSA, mpigapicha Lana Wong na Francis Kimanzi, yuleyule ambaye mashabiki wa soka wanamjua kama kocha wa zamani wa timu ya taifa, Harambee Stars, waliwagawia watoto 31 kamera rahisi za plastiki. Mradi ukaitwa Shootback. Mpaka wakati ule, Mathare ilikuwa ikipigwa picha na watu wanaoegesha gari barabarani, wakashuka, wakapiga mitaro na mabati, wakaondoka kabla ya jua kuzama. Watoto walipiga wasichokiona wale: mama akisukwa, ndugu wakilala kitanda kimoja, mlevi anayejulikana kwa jina, mpira wa makaratasi, mtu anayecheka. Kitabu chao kilitoka London mwaka 1999, na mtu anaweza kusema kwamba hata hizo ziliishia kulekule. Si kweli kabisa. Mmoja wa watoto hao, Julius Mwelu, alikuja kuwa mpigapicha wa habari, akaanzisha taasisi ya kuwafundisha watoto wengine wa Mathare kazi hiyo.

Kisha ukaja uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, na ghasia zilizoufuata.

Boniface Mwangi, aliyezaliwa mwaka 1983, alikuwa mpigapicha wa gazeti la The Standard. Alikulia katika biashara ya barabarani, akimsaidia mama yake kuuza vitabu Nairobi, na aliposoma habari za maisha ya Mohamed Amin aliamua kwamba hiyo ndiyo kazi. Katika wiki zile za Januari na Februari 2008 alipiga alichokikuta: mapanga, nyumba zinazoungua, maiti barabarani, polisi wakifyatua risasi. Tume ya Jaji Waki, iliyozichunguza ghasia hizo, ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na wapatao 350,000 walihama makwao. Picha zake zilimpa tuzo ya mpigapicha bora wa Afrika ya CNN, tuzo iliyobeba jina la Mohamed Amin mwenyewe. Hadi hapo hadithi yake inafanana na za waliomtangulia.

Tofauti ilianza alipoporomoka. Amesimulia hadharani jinsi picha zile zilivyomfuata usingizini, na jinsi ilivyomuuma kuwapiga picha, katika shughuli za kitaifa, wanasiasa walewale aliowaona kuwa chanzo, wakiwa wamekaa pamoja wakicheka. Mwaka 2009 aliacha ajira. Tarehe 1 Juni mwaka huo, Sikukuu ya Madaraka, alisimama katika Uwanja wa Nyayo na kupaza sauti wakati Rais Kibaki akihutubia. Wenzake waliopanga kusimama naye walibaki wamekaa. Alipigwa, akakamatwa.

Baada ya hapo alifanya jambo ambalo katika historia ya kazi hii lina uzito kuliko tuzo. Alizichukua picha zake, pamoja na za wapigapicha wenzake, zikachapishwa kubwa, zikasimamishwa barabarani. Si ukumbini penye mvinyo na mialiko, bali nje, mahali ambapo mama mboga anapita na ndoo yake na makanga wa matatu anaita abiria. Maonyesho hayo, Picha Mtaani, yalizunguka kutoka mji hadi mji, ikiwamo miji iliyoungua. Hakukuwa na kiingilio. Mtu alikuja akitafuta kituo cha basi, akajikuta uso kwa uso na mtaa wake wa miaka miwili nyuma. Wapo waliolia na wapo waliokasirika wakiuliza kidonda kinatoneshwa cha nini. Kulikuwa na vitambaa na karatasi za kutia sahihi ahadi ya amani, lakini sahihi si kiini chake. Kiini ni kwamba mtu aliyekuwa ndani ya picha, au ambaye jirani yake alikuwamo, alipewa nafasi ya kuitazama na kubishana nayo, bila ya kuinunua.

Ni hasara ndogo ya historia kwamba leo wengi wanamjua Mwangi kwa mengine: michoro ya tai ukutani mwaka 2012, nguruwe mbele ya Bunge mwaka 2013, kesi na kukamatwa kusikokwisha. Uanaharakati umeifunika kamera. Mwaka 2011 alianzisha Pawa254, mahali pa wasanii na wapigapicha vijana jijini Nairobi, na mbinu ya maonyesho ya barabarani ikawa jambo la kawaida kiasi kwamba hakuna anayeuliza ilianza na nani.

Government Road sasa ni Moi Avenue. Tangu Oktoba 2011 sanamu ya Mboya imesimama hapo, hatua chache kutoka lilipokuwa duka la dawa. Vijana wenye kamera za dijitali shingoni hupita katikati ya jiji wakitafuta wateja, wengi wao wakiwa watu wa kujitegemea wasio na kitambulisho cha gazeti lolote. Siku ya maandamano huwa wanahabari, siku nyingine hupiga wapenzi na wahitimu. Mteja huchagua picha anazozitaka palepale kwenye kioo cha kamera, analipa kwa M-Pesa, na zinaingia kwenye simu yake kabla hajavuka barabara.