Njia ya Chuma Iliyoleta Watu Hapa

Katika sikukuu hii ya yubile tumeombwa kusimulia habari za Kanisa letu. Nasi tumeona vema kuanza kwenye njia ya gari la moshi, kwa kuwa ndiyo iliyowakusanya watu wa mji huu.

Katika mwaka 1909 reli ilitoka Rhodesia ya Kaskazini ikafika Sakania, mpakani. Tarehe 27 Septemba 1910 gari la kwanza likaingia Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa, na mwaka huo huo wakawasili Wasalesiani wa Don Bosco pamoja na Padri Joseph Sak. Wabenedikto walikuwa wametangulia pamoja na Padri Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuja kuwa askofu. Shaba na Injili zilitumia njia moja. Wako wasiopenda tuseme hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Reli ikafika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 ikafika Ilebo, iliyoitwa Port-Francqui, kando ya mto Kasai. Ndipo watu wa Kasai walipozidi kuja kufanya kazi kwenye reli, migodini na ofisini. Walisali nasi, walioana nasi, wakawazika wazee wao katika udongo huu.

Kwa hiyo hatuwezi kuruka miaka ya 1992 na 1993. Watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao. Huko Likasi na Kolwezi maelfu walilala kwenye vituo vya gari la moshi, wakingojea mabehewa kwa majuma na miezi. Njaa na magonjwa yakaua wengi, hasa watoto. Wengi wao walizaliwa Katanga, na Kasai waliijua kwa masimulizi tu. Waliofukuza na waliofukuzwa, wengi walikuwa wamebatizwa. Wako mapadri na masista waliowasaidia. Sisi tulikuwa watoto wakati ule. Tunakumbuka wakubwa wetu wakiongea kwa sauti ya chini, na milango ikifungwa mapema.

Baadhi yao walirudi baadaye, na leo tunapokea Komunyo pamoja. Tumemwomba paroko wetu kwamba, katika Misa ya marehemu ya yubile hii, nao waliofia vituoni watajwe.